Chombo cha Kuchambua Nuru

Katika nchi ya Singida, katikati ya Tanzania, maji si kitu cha kupatikana bure. Mvua ni chache, na kiangazi ni kirefu. Kando ya mji yako maziwa mawili, Singidani na Kindai, na mtu akipanda juu ya majabali ya pale ataona maji tele, na heroe wakitembea ukingoni kwa miguu yao mirefu; walakini maji yale ni ya chumvi, hayanyweki. Kwa hiyo watu huchimba visima.

Chukua bilauri mbili, moja yenye maji ya kisima hiki, na ya pili yenye maji ya kisima kile. Yote ni maangavu. Hayana harufu, wala ulimi hauoni tofauti. Hata hivyo huenda bilauri moja ina madini yaitwayo floridi, yaliyoyeyuka kutoka katika miamba iliyo chini ya ardhi, kwa kipimo cha kudhuru. Mtoto anywaye maji ya namna hiyo tangu uchanga, meno yake hutoka yakiwa na mabaka meupe na ya hudhurungi, maana floridi huingia katika jino wakati linapojengwa bado ndani ya ufizi. Jino likiisha kutoka, mabaka hayo hayaondoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa majivu. Na kipimo kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika, viungo vikakakamaa. Singida ni mmoja wa mikoa ya Tanzania inayojulikana kwa habari hii, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 za floridi katika lita moja ya maji ya kunywa. Hicho ni kitu kidogo mno; punje moja tu ya mchele ina uzito zaidi ya mara kumi ya huo. Je, kitu kidogo namna hiyo, tena kisichoonekana, kitapimwaje?

Njia mojawapo ni kutumia nuru. Kipo chombo kiitwacho spektromita, ambacho kazi yake ni kuichambua nuru katika rangi zake na kuonyesha ni rangi gani imezidi na ipi imepungua. Kile cha dukani kina bei kubwa, nacho hakipendi vumbi wala kutikiswa juu ya baiskeli. Lakini mwanafunzi mwenye subira aweza kujitengenezea kidogo cha kuchukulika mkononi, kwa vitu vipatikanavyo sokoni. Ugumu hauko katika kugundisha sanduku. Uko katika kuchagua viungo vinavyopitisha nuru, kwa kuwa kiungo kilicho chema kwa kazi moja ni kibaya kwa kazi nyingine, na asiyejua hilo atamaliza fedha yake na siku zake, na mwishowe ataona kiwingu cha rangi tu.

Mwaka 1666 Mwingereza Isaac Newton aliingiza nuru ya jua kwa tundu dogo katika chumba chenye giza, akaipitisha katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, ndicho kiitwacho prizimu. Ukutani hapakuonekana doa jeupe, bali utepe mrefu wenye rangi za upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hata zambarau. Akafahamu ya kuwa nuru nyeupe si kitu kimoja, bali ni mkusanyiko. Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph von Fraunhofer, aliutazama utepe wa jua kwa kioo bora zaidi, akakuta umekatwa na mistari myeusi membamba zaidi ya 500. Newton hakuiona. Nuru ilikuwa ile ile; chombo ndicho kilichotofautiana.

Mistari ile ilikaa kama barua isiyosomeka hata mwaka 1859, wakati Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walipoisoma katika mji wa Heidelberg. Chombo chao kilikuwa sanduku lililopakwa weusi ndani, na ncha mbili za darubini ndogo, na prizimu iliyojazwa kimiminiko. Anayeona haya kwa sababu chombo chake ni sanduku tu na akumbuke hilo. Waligundua kwamba kila kitu kikichomwa katika moto mkali hutoa mistari yake peke yake, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Chumvi ya kula, mathalani, hutoa nuru ya manjano mahali pamoja pasipobadilika. Mtu akichovya kijiti katika maji ya chumvi na kukitia katika mwali wa moto, ataiona manjano hiyo mara moja.

Hapa yafaa kueleza kipimo. Nuru husafiri kwa mawimbi, na kila rangi ina urefu wa wimbi lake. Urefu huo hupimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Zambarau iko karibu na nanomita 400, kijani 530, manjano 580, na nyekundu hufika 700. Manjano ya chumvi iko 589. Mwaka 1868 watazamaji wa jua waliona mstari mwingine wa manjano, karibu sana na huo, lakini si huo. Uko karibu na 588. Mwingereza Norman Lockyer na wenzake wakasema ni kitu kipya, kikaitwa heliamu, kwa jina la jua katika Kiyunani. Ilipita miaka 27, yaani hata mwaka 1895, ndipo gesi hiyo ilipotambulikana duniani. Na mwaka 2016 ikatangazwa kuwa ipo chini ya ardhi ya Tanzania yenyewe, katika bonde la Rukwa. Kama vyombo vya mwaka 1868 vingalishindwa kutenga nanomita moja na nusu hivi, mstari ule ungalihesabiwa kuwa chumvi tu.

Basi swali la kwanza la mwenye kujenga spektromita halihusu uzuri wa kioo. Ajiulize hivi: nitakachokitazama, rangi zake zimekaribiana kiasi gani? Floridi ya visimani na gesi ya jua haziulizwi kwa chombo kimoja.

Kiungo cha kwanza ni mwanya, yaani ufa mwembamba ambao nuru huingilia. Watu wengi huudharau, maana si kioo wala haununuliwi. Lakini huo ndio mlango wa nyumba. Kila rangi iliyomo katika utepe ni picha ya mwanya ule ule, zimepangwa bega kwa bega. Mwanya ukiwa mpana, kila picha ni pana, nazo hulaliana.

Uangaliwe mfano wa watoto wawili wa mama mmoja, dada na mdogo wake, wakaao si mbali na ziwa Singidani, ambao kila mmoja amejenga sanduku lake la urefu wa sentimita 20. Mdogo amekata ufa wake kwa kisu katika karatasi ngumu, upana wa milimita moja. Dada ametumia nyembe mbili mpya zilizoelekezana makali. Akatia katikati karatasi moja ya daftari, akazigundisha, kisha akaichomoa karatasi. Hivyo mwanya wake una upana wa karatasi, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Jioni wakaelekeza masanduku yao kwenye taa ya mrija uliosokotwa, ile ya kupunguza gharama ya umeme.

"Dada, mwanya wako umeziba," akasema mdogo. "Naona giza tu."

"Haujaziba, mdogo wangu. Weka jicho utulie, ngoja lizoee."

Akangoja. Halafu akasema, "Kumbe kijani ni mbili!"

Ndivyo ilivyo. Katika sanduku lake mwenyewe alikuwa ameona ufito mmoja mnene wa kijani. Katika lile la dada aliona miwili, mmoja karibu na nanomita 542 na mwingine 546. Wa pili hutoka katika zebaki iliyomo ndani ya taa, na wa kwanza hutoka katika unga mweupe uliopakwa ndani ya mrija. Hesabu yaonyesha sababu. Kwa sanduku la sentimita 20 na kioo cha kuchambulia walichotumia, mwanya wa milimita moja hupanua kila rangi kwa nanomita 7 na zaidi kidogo, na mistari iliyoachana kwa nanomita 4 haina budi kuungana. Mwanya wa karatasi hupanua kwa nanomita isiyotimia moja.

Lakini asije mtu akasema kwamba dada ndiye aliyeshinda. Siku ya pili walitia mbele ya masanduku kichupa cha maji yaliyotiwa rangi nyekundu, na nyuma yake kurunzi. Sasa ni dada ambaye hakuweza kusoma kitu. Mwanya wake hupitisha sehemu moja tu ya kumi ya nuru inayopita katika ule wa mdogo wake, na maji yenye rangi yalikwisha kula nyingi. Rangi iliyoyeyushwa katika maji haitoi mistari myembamba. Hufuta sehemu pana ya utepe, makumi ya nanomita. Kwa kazi ya namna hiyo wembamba wa wembe ni hasara. Mwanya wa karatasi tatu, wa milimita 0.3 hivi, ungepanua kila rangi kwa nanomita 2 na zaidi kidogo, nao ungetosha kabisa kwa maji ya kisima.

Mambo mawili zaidi juu ya mwanya. Makali ya nyembe yawe sambamba, maana ufa wenye umbo la kabari hutoa utepe uliokolea upande mmoja na kufifia upande wa pili. Tena, chembe moja ya vumbi ikikwama katikati huonekana kama mstari mweusi unaopita utepe wote kwa urefu, kutoka zambarau hata nyekundu. Katika upepo wa Singida chembe hizo hazikosekani. Dawa yake ni kufunika mwanya kwa utepe wa gundi ulio mwangavu wakati wa safari, na kuubandua wakati wa kazi.

Kiungo cha pili ni kile kinachochambua nuru, na hapa uchaguzi ni wa namna mbili: prizimu au bamba la michirizi.

Prizimu ina sifa moja kubwa: nuru yote iingiayo huifanya utepe mmoja, haipotezi katika njia nyingine. Lakini haigawanyi sawasawa. Upande wa zambarau hutanda sana, na upande wa nyekundu husongamana, hata mtu akitaka kupima hapo hubabaika. Tena ni nzito, na prizimu njema ya kioo haipatikani kwa urahisi katika maduka ya mikoani.

Bamba la michirizi hufanya kazi kwa njia nyingine. Ni kioo au plastiki iliyochorwa michirizi mingi mno, iliyo sambamba na kukaribiana, na mawimbi ya nuru yakipita hapo kila rangi hupinda kwa pembe yake. Wenye fedha huyaagiza. Lakini karibu kila nyumba ya mjini ina bamba kama hilo pasipo kujua: ni sahani ya muziki iitwayo sidii. Mtu akiigeuza juani huona rangi za upinde wa mvua usoni pake, na sababu yake ni kwamba imepigwa mchirizi mmoja mrefu unaozunguka kama nyoka aliyejikunja, na kutoka duru moja hata ya pili ni nanomita 1,600. Maana yake, katika milimita moja mna michirizi 625. Sahani ya picha za sinema, iitwayo dividii, imebanwa zaidi: nafasi ni nanomita 740, yaani michirizi 1,350 katika milimita.

Sahani hizi zimeanza kuachwa siku hizi, kwa sababu watu husikiliza muziki na kutazama picha kwa simu. Fundi wa redio aghalabu anazo rundo zima zilizokwaruzika, naye huzitoa bure.

Ipi ichaguliwe? Hesabu ni hii. Nuru ikiliingia bamba kwa kunyooka, sidii huipinda zambarau kwa digrii 14 na nusu hivi, na nyekundu kwa digrii 26. Utepe wote una upana wa digrii 11 na nusu. Dividii huipinda zambarau kwa digrii 33, na nyekundu kwa digrii 71. Utepe wake ni wa digrii 38, mpana zaidi ya mara tatu. Kwa mwenye kutaka kutenga mistari iliyokaribiana, kama ile ya chumvi na heliamu, dividii ni bora pasipo ubishi. Lakini yeye huyo atalipa: nuru ile ile imetandazwa mahali papana zaidi, hivyo imefifia; tena kamera haina budi kukaa kwa pembe kali, karibu digrii 48 kwa rangi ya kijani, na kosa dogo la fundi seremala hupeleka nyekundu nje ya picha. Kwa sidii kamera huinamishwa digrii 20 tu. Mwenye kupima rangi ya maji, ambayo ni pana, hana haja ya dividii. Watu wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba michirizi mingi ni bora sikuzote, kama vile mtu anunuaye shoka kubwa kwa kazi ya kuchonga kijiko.

Sidii ina uso wa fedha unaozuia nuru kupita. Ili iwe kama dirisha, uso wa juu, ule wenye maandishi, hukwaruzwa kidogo kwa ncha ya kisu, kisha hubandikwa utepe wa gundi wenye nguvu, ukavutwa. Fedha hubanduka nayo, ikabaki plastiki nyeupe. Dividii hupasuliwa katikati, maana imeundwa kwa sahani mbili zilizogundishwa. Ile ya kuandikia nyumbani ina rangi ya zambarau ndani, nayo husafishwa kwa spiriti. Kipande kikatwe ukingoni mwa sahani, si karibu na tundu, kwa sababu ukingoni duara ni kubwa na michirizi yake imekaribia kunyooka. Kule katikati imepinda sana, na utepe hupinda pamoja nayo. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba chatosha. Michirizi yake isimame sambamba na mwanya. Ikienda kombo, rangi hupanda au hushuka mlimani.

Juu ya lenzi maneno ni machache. Vyombo vya wataalamu huweka lenzi moja baada ya mwanya ili kunyoosha nuru, na nyingine ya kuikusanya. Mtu akitaka ya kwanza aweza kuipata katika miwani ya kusomea iuzwayo sokoni: 100 ikigawanywa kwa namba ya miwani hutoa umbali wake kwa sentimita, hivyo miwani ya namba 4 hukusanya nuru kwa sentimita 25, na mwanya uwekwe umbali huo. Walakini lenzi moja tupu huikusanya buluu karibu zaidi kuliko nyekundu, na upande mmoja wa utepe utakuwa mkali huku wa pili una ukungu. Kwa chombo cha kuchukua safarini ni afadhali kuiacha. Simu tayari ina lenzi yake, iliyotengenezwa kwa ustadi kuliko miwani yo yote ya sokoni, nayo yaweza kuutazama mwanya ulio mbali kwa sentimita 20 na kuuona wazi. Kila lenzi isiyotumika ni uso mmoja usiohitaji kufutwa vumbi.

Tena simu ina hila zake. Nuru ikififia, hujiongezea mwanga pasipo kuulizwa, na hivyo maji meusi na maji meupe yakaonekana sawa. Ndiyo sababu mpimaji huifunga isijibadilishe: mwanga mmoja, umbali mmoja, tangu mwanzo wa kazi hata mwisho. Wala namba za picha yake hazipandi kwa kulingana na nuru; nuru ikiwa maradufu, namba haiwi maradufu. Kwa hiyo mtu asiamini namba moja peke yake, ila alinganishe na maji ambayo kipimo chake kimekwisha kujulikana.

Sanduku lenyewe liwe la mbao nyepesi au bomba nene la plastiki, maana karatasi ngumu hulegea kwa mvua ya kwanza. Ndani lipakwe weusi usiong'aa. Jua la Singida ni kali, na tundu la sindano katika pembe ya kifuniko laweza kuingiza nuru nyingi kuliko mwanya. Na sanduku lisielekezwe kamwe kwenye jua lenyewe. Karatasi nyeupe iliyo juani yatosha.

Sasa chombo kiende kisimani. Lakini kwanza lazima kusema wazi jambo ambalo wengi hawalitazamii: spektromita haiioni floridi. Maji yenye floridi hupitisha rangi zote zionekanazo, sawasawa na maji safi, hata chombo kikiwa cha thamani namna gani. Yahitajika mjumbe. Wataalamu hutumia dawa nyekundu iliyofungamana na madini yaitwayo zirkoniamu. Floridi ikiingia, huinyang'anya rangi ile zirkoniamu yake, na wekundu hufifia. Floridi ikiwa nyingi, wekundu hupungua zaidi, na nuru ipitayo karibu na nanomita 570, kati ya kijani na manjano, huongezeka. Mahali hapo pamoja tu ndipo pa kupimwa. Dawa hiyo ina asidi kali, nayo hushikwa na mwalimu au mpimaji aliyefundishwa, mwenye glavu na miwani ya kukinga macho. Watoto husoma utepe.

Hapo ndipo uchaguzi wa taa unapokuja. Jua halifai, maana wingu moja likipita hesabu yote imeharibika. Kurunzi ya siku hizi yenye nuru nyeupe ina kilele cha buluu karibu na 450, kisha bonde lenye upungufu karibu na 480, kisha mgongo mpana wa kijani na manjano. Mwenye kupima kitu kilicho katika bonde lile angefanya kazi gizani. Lakini 570 iko juu ya mgongo ule, na kwa sababu hiyo kurunzi ya bei ndogo, ambayo kwa kazi nyingine ingekataliwa, hapa yafaa sana. Kurunzi ya zamani yenye uzi unaowaka hutoa rangi zote pasipo bonde, ila ina buluu kidogo, na betri yake huisha upesi.

Kichupa cha maji kiwe na pande bapa. Kile cha mviringo ni lenzi chenyewe, kitakusanya nuru mahali pasipotakiwa, na kikizungushwa kidogo jibu hubadilika. Vipande vinne vya kioo cha dirisha na kitako, vilivyogundishwa kwa gundi ya silikoni na kuachwa mpaka ikauke kabisa, hufanya kichupa chema. Nuru ikipita katika maji ya sentimita 5, rangi hukolea kuliko katika sentimita 1, na tofauti ndogo huonekana. Bali kichupa kile kile kimoja kitumike kwa maji yote, kwa kuwa hakuna viwili vilivyogundishwa sawa kabisa. Maji yote yawe ya joto moja pia, maana wekundu ule hubadilika kwa joto. Yale yaliyotoka kisimani sasa hivi huachwa kivulini kwanza pamoja na mengine.

Kabla ya safari chombo hufundishwa namba zake. Taa ile ya mrija uliosokotwa ina mistari ijulikanayo: buluu ya 436, kijani ya 546, na nyekundu yenye umanjano ya 611. Mpimaji hupiga picha yake, akatia alama mahali pa mistari hiyo mitatu, na katikati yake hupata mahali pa 570 kwa rula. Simu ikisogea kidogo tu katika kishikio, alama hizo zimepotea, na kazi huanza upya.

Penye kisima mpangilio ni huu. Kwanza hupimwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na floridi. Kisha hupimwa maji yaliyotayarishwa na maabara, yenye nusu miligramu, na miligramu moja, na moja na nusu. Kisha maji ya kisima. Mwishowe maji yaliyokenekwa hupimwa tena, na kama jibu lake halifanani na lile la kwanza, betri ya kurunzi imechoka, na namba zote za asubuhi ile hufutwa, hata kama zilipendeza. Maji yaliyopita miligramu 2 huishinda dawa hii. Huchanganywa kwa kipimo na yaliyokenekwa, yakapimwa tena, na jibu likazidishwa.

Kosa la chombo cha nyumbani katika kazi hii si dogo. Chaweza kutenga kisima chenye nusu miligramu na kisima chenye miligramu 4. Kati ya 1.4 na 1.6 hakiwezi kuapa. Kwa hiyo maji yale yale hutiwa pia katika chupa safi ya plastiki, ikafungwa, ikaandikwa jina la kisima na tarehe, ikapelekwa maabara ya maji. Jibu la maabara likirudi, huandikwa katika daftari karibu na jibu la sanduku, mstari mmoja. Kisima kikishahakikishwa kuwa kibaya, watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengwa, yaani walio chini ya miaka 8 hivi, ndio wa kwanza kutafutiwa maji mengine: ya kisima cha pili, au ya mvua yaliyokingwa batini, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama wanavyofanya wataalamu wa Ngurdoto katika mkoa wa Arusha. Maji yaliyotoka katika chujio hilo nayo hutiwa dawa nyekundu na kupimwa, kwa maana mkaa wa mifupa huchoka, na siku ya kuchoka kwake haionekani kwa macho.